Nyoka Mwenye Kope

Gamba lilikuwa na joto.

Daktari alilikuta ndani ya kabati la mwanawe, limejikunja juu ya sare ya shule iliyokwisha kupigwa pasi, na alipolishika ili alitupe, mkono ukasita wenyewe. Alikuwa daktari wa mifugo. Magamba ya nyoka alishayashika mengi, bandani, mferejini, chini ya matangi ya maji, na yote aliyajua yalivyo: mepesi, makavu, ya baridi, yanapiga kelele kidogo kama ganda la kitunguu. Hili lilikuwa na joto la shati ambalo mtu amelivua sasa hivi.

Akaligeuza upande wa kichwa. Nyoka anapojivua gamba huvua hadi kifuniko cha jicho, kiduara kidogo kinachong'aa kama kioo cha saa, kwa sababu nyoka hana kope. Hafumbi jicho akilala, wala akifa. Gamba hili lilikuwa na kope. Nyeusi, fupi, zilizopinda kwa juu kidogo, mbili kwa juu na mbili kwa chini, na ya kulia ilikuwa imenata, kana kwamba ilikuwa ikilia.

Alichofanya ni kile ambacho watu wa elimu hufanya wakiogopa: alilitafutia jambo jina. Ugonjwa wa ngozi, akajiambia. Akalitia kwenye chupa ya kioo ya zahanati yake, ile ya kuhifadhia minyoo ya ng'ombe, akakaza kifuniko, akaiweka rafuni nyuma ya dawa za kupe. Kisha akaenda kumchoma sindano paka wa watu, na hakumwambia mtu.

Mtaa mzima ulijua kwamba kwa Daktari nyoka hauawi. Zahanati ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, na aliyekuja na mbuzi mwenye kuhara aliondoka na dawa pamoja na somo. Nyoka haji kwako kwa chuki, Daktari alikuwa akisema, anakuja kwa panya. Na panya anakuja kwa uchafu wako. Pumba za kuku alizitia kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Majani aliyakata chini kabisa, kuni na mabati hayakuegemea ukuta, na kila mlango ulipigiliwa kipande cha mpira kwa chini hadi mwanga usipite. Bakuli la mbwa liliondolewa kabla jua halijazama, na mbwa mwenyewe, dume nene aliyeitwa Bosi, alifungwa kamba jioni ili asiende kujitia ushujaa gizani. Kona ya mbali ya ua, penye rundo la mawe, ilikuwa ya swila mweusi. Huyo ana kona yake na sisi tuna yetu, Daktari aliwaambia wote, na akiingia ndani rudini nyuma, acheni mlango wazi, niiteni. Msijifanye mna kazi yangu.

Jirani aliyepakana nao ukuta, fundi wa kuchomelea vyuma aliyejulikana kama Cheche, hakuchoka kumtania. "Daktari, siku moja hao wageni wako watabisha hodi na begi la nguo!"

"Wakibisha nitafungua," Daktari alikuwa akimjibu. "Kuliko wewe unayeingia bila hodi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kisha likaja lile gamba, na baada ya gamba, Bosi.

Mbwa huyo alifundishwa akiona nyoka abweke kwa mbali na asisogee, na alikuwa hodari kwa hilo. Sasa alikuwa akilala mchana kutwa mbele ya chumba cha mtoto, ameugeuzia uso mlango, mkia umejifyata tumboni, na hakubweka. Alikuwa akikojoa pale pale alipolala. Daktari alimpima joto, akamtazama masikio na ufizi, hakuona kitu. Alipomvuta kamba amtoe nje, mbwa alimtazama kwa macho ya kumsihi, akarudi kulala pale pale.

Halafu harufu. Ilikuwa ikija saa za jua kali, wakati mtaa umetulia na watu wamejilaza, harufu ya nywele zilizoungua ikichanganyika na udongo mbichi, na pamoja nayo sauti juu ya dari, kitu kinaburutwa polepole kama shuka lililoloa, kutoka jikoni hadi chumba cha mtoto. Daktari akisimama asikilize, nacho kinasimama. Akitembea, nacho kinatembea. Alipanda dari na tochi. Hakukuta hata kinyesi cha panya, na hilo ndilo lililomtisha, maana dari isiyo na panya hata mmoja ni dari ambayo panya wameikimbia.

Yote hayo angeyavumilia. Lakini siku moja mezani alimtazama bintiye wa pekee, mtoto wa miaka saba waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama iliyo shavuni mwake, akaona kitu ambacho hakukielewa mara moja. Mtoto alikuwa akila vizuri, akizungumza vizuri. Ila hakuwa akipepesa macho.

"Kidoti, unatazama nini?"

"Sitazami, mama. Macho hayafungi tu."

"Hayafungi vipi? Jaribu."

Mtoto akakunja uso mzima, pua ikapanda, midomo ikabana, shingo ikakakamaa. Macho yakabaki wazi, makavu, yamekodoka, mekundu pembeni. "Nimejaribu," akasema kwa sauti ndogo. "Nimejaribu tangu juzi."

Daktari wa macho aliandika dawa ya matone. Alisema ni ukavu, utapita. Haukupita. Kidoti akawa analala macho wazi, anapumua kama mtu aliyelala, anakoroma hata, huku mboni zikitazama dari, na mama yake akikaa kitandani anamtia matone na kumfunika uso kwa kitambaa kibichi. Daktari alilia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili asisikike. Alijua macho yasiyofumba huishia wapi. Alishaona ndama wa namna hiyo. Kioo cha jicho hukauka, hupasuka, huwa cheupe. Mwanawe alikuwa akipofuka mbele yake, na dawa zote za rafuni zilikuwa za ng'ombe.

Ni hapo jikoni ambapo mkwewe alimfuata. Bibi yake Kidoti, mama wa mumewe aliyekuwa mbali kikazi, alikuwa mwanamke wa maneno mengi; siku hiyo alisimama akikunja na kukunjua upindo wa kanga.

"Mwanangu," akanong'ona, "nina neno. Usinipigie kelele."

"Sema, mama."

"Siku ile ulipoitwa kule shambani kwenye ng'ombe aliyekwama kuzaa. Nyoka aliingia humu. Wa kahawia, mwembamba, nyuma ya pipa la unga."

"Mla panya huyo. Hana hata sumu."

"Mimi nitajuaje? Roho ilinitoka. Nikampigia kelele Cheche, akaruka ukuta na nondo yake, akamvunja mgongo. Halafu akampa mtoto nondo. Akamwambia, malizia wewe, usije ukakua mwoga. Si unajua mtaa huu wanavyofanya, mdogo wa nyumba ndiye anayemalizia. Tukampigia makofi."

Daktari alishika ukingo wa sinki. "Kidoti alimpiga?"

"Hakutaka. Alilia. Tukamwambia fumba macho upige. Akafumba, akapiga."

"Na alipofumbua?"

Bibi alitazama mlangoni, kisha darini, na sauti yake ikashuka hadi ikawa pumzi tu. "Nyoka hakuwepo. Palikuwa na unyevu sakafuni. Cheche akasema ametambaa akafie mferejini, na akasema tusikwambie, kwa sababu wewe huambiliki. Mwanangu, aliyevunjwa mgongo anatambaaje?"

Daktari hakupiga kelele. Hasira ilimjaa hadi masikio yakavuma, lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kugeuka, inakwenda zahanati, na mkono wake ulikuwa unasogeza dawa za kupe. Chupa ilikuwa pale pale. Kifuniko kimekazwa kama alivyokikaza. Ndani patupu, ila kioo kilikuwa na ukungu, ukungu wa pumzi, na ulikuwa kwa ndani.

Jioni ile mvua ilishuka kwa kishindo na umeme ukakatika. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Bosi alitoa sauti, na haikuwa kubweka, ilikuwa mlio mrefu wa mnyama anayeomba asamehewe. Daktari alichukua tochi. Akiwa katikati ya ukumbi alisikia sauti ya mwanamke ikizungumza chumbani kwa mtoto, sauti ya upole, ya kubembeleza, na alipiga hatua nzima mbili kabla damu haijamganda, kwa sababu sauti ile ilikuwa yake mwenyewe.

"Mmoja tu, mwanangu," ilikuwa ikisema. "Mmoja tu, nami nitakurudishia."

Akasukuma mlango, na mwanga wa tochi ukaonyesha mambo yote kwa pamoja, wala hakujua aanze kuogopa lipi: Kidoti amesimama kitandani na mpini wa fagio mkononi, macho yamemkodoka, mekundu kama majeraha, na sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, swila mweusi wa rundo la mawe, yule ambaye kwa miaka yote hajawahi hata kuvuka tangi la maji, ameinuka, shingo ameitanua, anayumba, mwili mzima unatetemeka kwa hofu ya mnyama aliyefukuzwa hadi akakosa pa kwenda, na juu, kwenye fimbo ya pazia, kitu kimejizungusha na kuning'inia, kirefu kuliko gamba lolote alilowahi kuliona, cha kahawia na chenye kupenyeza mwanga, ndani yake hamna nyama wala mfupa ila kinapumua, kinavimba na kunywea, kinavimba na kunywea, na kichwa chake kimeinama kumtazama Daktari, na polepole, kwa utulivu wa mtu aliyekaa kwake, kikapepesa macho.

Kope zilikuwa za Kidoti. Mama gani asiyezijua kope za mwanawe?

Nyuma yake Bibi alipiga ukelele, na ukelele ule ulitosha kumleta Cheche, akiwa ameloa chapachapa, nondo begani. Alimulika kwa simu yake. Alichokiona yeye, kama aonavyo mtu mwenye nondo, ni swila tu.

"Pisha, Daktari!"

"Rudi nyuma."

"Yuko futi ngapi kutoka kwa mtoto! Wewe mwanamke una kichaa? Pisha!"

Daktari alijitandaza mlangoni, mkono huku na mkono huku. "Jirani, nyundo yako na nondo yako zina kazi kwako. Hapa kwangu hauawi nyoka. Ukiinua hicho chuma, utaanza na mimi."

"Muue tu, mwanangu," Bibi alilia kwa kunong'ona. "Kimesema kitamrudishia macho. Nimesikia mwenyewe. Roho ya nyoka kwa macho ya mtoto, hata hilo unafikiria?"

Na hapa, msidhani Daktari hakufikiria. Alifikiria. Alikuwa mama kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na nondo ilikuwa karibu, na swila alikuwa mmoja tu, mnyama asiyemjua kwa jina. Mkono wake ulilegea. Juu kule kile kitu kikavimba kwa furaha, kikashuka kidogo, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba.

Furaha ile ndiyo iliyomzindua.

"Kidoti," alisema polepole, bila kuondoa macho kwa swila. "Mama ndiye huyu anayezungumza sasa. Nijibu. Ulipompiga yule wa kwanza, ulipata kitu au ulipoteza?"

Mvua ilipiga bati.

"Nilipoteza," mtoto akasema.

"Ukimpiga wa pili?"

"Amesema atanirudishia."

"Mwongo! Hana kitu chake hata kimoja. Ngozi ni ya yule mliyemuua, sauti ni yangu, kope ni zako. Hata uoga anaoula humu ni wetu. Weka fagio chini, mama. Polepole. Kisha ukae, usitikisike."

Mtoto aliutazama mpini. Alitazama juu, kule penye kope zake. Halafu akauweka kitandani kwa taratibu, akaketi, akakumbatia magoti, na kile kitu kikatoa mlio wa mvuke unaotoka kwenye chuma cha moto kilichotiwa maji.

Sasa Daktari alikuwa kazini kwake. Alivaa miwani ya plastiki iliyokuwa shingoni, maana swila hutema sumu, hulenga macho na halengi vibaya. Aliwaamuru Cheche na Bibi watoke mlangoni waache njia. Alichukua pipa dogo la taka la mtoto, akalimwaga, na kwa kijiti kirefu alichokitoa ukumbini akalilaza kando ya ukuta, mdomo ukimtazama nyoka, akafunika nusu yake kwa taulo ili ndani pawe giza. Mate ya swila yalimpata kwenye miwani na shavuni. Akayapangusa kwa mkono wa shati, hakuharakisha. Nyoka aliyetishwa hataki kukupiga, anataka kujificha. Daktari alisimama tu, mbali, kimya, huku juu yake ile sauti ikimwita kwa jina la utotoni, ikilia kama mama yake marehemu, ikicheka kama mumewe, ikimtukana, na yeye hakuinua kichwa, kwa sababu aliye sakafuni ndiye aliyekuwa na haki ya kuhudumiwa kwanza. Swila alishusha shingo. Akaonja hewa kwa ulimi. Kisha akamiminika ndani ya pipa, giza likammeza, na kijiti kikainua pipa, na kifuniko kikashuka.

Hapo ndipo kile kitu kilipomrukia mtoto.

Kilishuka kizima kizima kama pazia lililokatika, na Daktari, ambaye kwa miaka yote hajawahi kumshika nyoka kwa mkono mtupu na amewakataza wengine wasithubutu, alikidaka nyuma ya kichwa. Kilikuwa cha moto. Kilimzunguka mkono, bega, shingo, kikabana, na ndani yake hamkuwa na kitu, alikuwa anabanwa na hewa ya moto, na uso ule mdogo ukasogea hadi puani pake ukimtazama, ukipepesa, ukipepesa, ukipepesa.

"Nyoka hana kope," Daktari alikiambia, meno yameumana. "Hizi ni za mwanangu. Na nyumba ni yangu. Na nyoka wa humu wako chini ya ulinzi wangu, walio hai na yule aliyevunjwa mgongo. Wewe hukuzaliwa humu, hukualikwa, hukuliliwa. Toka!"

Akaweka kidole gumba kwenye jicho moja, cha shahada kwenye la pili, akazishusha zile kope chini, kwa upole ule ule aliowafumba nao macho wanyama wote walioshindikana mezani pake, ng'ombe, punda, mbwa wa watoto wa watu. Akazishikilia. Mkono uliungua na alisikia harufu ya nyama yake mwenyewe, na bado akazishikilia, akimwomba radhi kimoyomoyo yule mla panya asiye na kosa, hadi joto likaanza kupungua, likapungua, likaisha. Kilichobaki kiganjani kilikuwa gamba, jepesi, kavu, la baridi. Penye macho palikuwa na viduara viwili vinavyong'aa.

"Mama," Kidoti alisema kitandani. "Kuna giza."

Daktari akaokota tochi, akammulika.

Mtoto alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yakimchuruzika hadi kwenye alama ya shavuni. Akafumbua, akafumba, akafumbua tena, kisha akaanza kucheka.

Swila alirudishwa kwenye rundo lake la mawe mvua ilipokatika. Bibi mwenyewe ndiye aliyeshika tochi, kwa mbali sana. Cheche alikuwa amesimama ukutani, na Daktari akamwonya, akimwonyesha mkono uliochubuka hadi kwenye kiwiko. "Kimetoka, jirani. Hakijafa. Kitatafuta palipo na mkono unaoua. Nakuomba usiue."

"Mimi nimeona mwanamke akipigana na gamba," Cheche alijibu, akacheka, akaruka ukuta kurudi kwake.

Mkono ulikuwa umekwisha kufanya kovu siku geti la zahanati lilipogongwa adhuhuri, jua la kuchoma, mtaa umelala. Bosi alikimbilia chini ya meza. Nje alisimama Cheche, amevaa miwani yake nyeusi ya kuchomelea, midomo imempauka, nondo mkononi.

"Daktari," akanong'ona. "Sijapepesa tangu jana."

Akavua miwani. Daktari aliyaona macho, akajua, na hasira yake yote ikapanda upya. "Nani? Yule mweusi?"

"Alikuwa kwenye vyuma vyangu. Alikuwa amejikunja tu, amelala. Nilifumba macho kwa ajili ya yale mate, nikapiga. Kiko darini kwangu. Kinazungumza kwa sauti yangu. Kinamwita mke wangu."

Daktari alimlilia swila wake pale pale, waziwazi, mbele ya aliyemuua, wala hakujificha. Kisha akajipangusa uso, akatoa komeo.

"Ingia," akasema. "Nondo iache nje."

Cheche alitazama mkono wake wa kulia kama mtu anayeonyeshwa mkono wa mwingine. Akautikisa. Akaupiga ukutani. Vidole vilikuwa vimeshika chuma, vyeupe kwa kubana, na havikufunguka.

"Inakataa, Daktari. Inakataa kutoka."

"Basi tutaanzia mkononi," Daktari alisema, akalifungua geti lote.